Nanga ya Buhaya: Jina, Ala na Swali la Asili



1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha pwani na cha shuleni, neno nanga huleta kwanza picha ya chuma kizito kinachozuia chombo kisichukuliwe na maji. Meli hutia nanga, na safari inapowadia hung'oa nanga. Katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, neno hilo linataja kitu kingine kabisa. Nanga ni ala ya muziki: ubao mzito uliochongwa kama sinia refu, ukatandazwa uzi juu yake, ukapigwa kwa vidole huku mghani akisimulia habari za wafalme na mashujaa. Hivyo, abiria anayeshuka katika bandari ya Bukoba huiacha nanga moja majini na kuikuta nyingine nchi kavu, wala neno lenyewe halijabadilika hata herufi moja.

Mhadhara huu unahusu nanga hiyo ya nchi kavu, na swali linalouongoza ni la asili. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo hunukuliwa mara nyingi katika mijadala ya utamaduni, lakini ni nadra kuulizwa asili yenyewe hutambuliwaje. Je, asili ya ala ni pale umbo lake lilipochongwa mara ya kwanza? Ni lugha iliyoipa jina? Au ni jamii iliyoipa kazi ya kufanya? Hoja ya mhadhara huu ni kwamba ala moja huwa na asili tatu, yaani asili ya umbo, asili ya jina na asili ya kazi, na kwamba asili hizo tatu si lazima zitoke chemchemi moja. Anayezichanganya hufikia majibu mepesi ambayo baadaye hugeuka madai ya umiliki.

Hoja ya pili inatokana na ya kwanza. Kwa ala isiyokuwa na hati, isimu ni miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki. Shahidi huyo huishi vinywani mwa watu, na hufa pamoja nao.

2. Ala yenye cheti cha kuzaliwa

Ili kuona ugumu wa suala la nanga, yafaa kuanza na ala ambayo historia yake inajulikana karibu kwa siku. Ukulele, kigitaa kidogo cha nyuzi nne, hujulikana duniani kote kuwa ni sauti ya visiwa vya Hawaii. Jina lake ni la Kihawaii, nyimbo zilizoipa umaarufu ni za Hawaii, na mti wa koa uliotumika kuichonga huota huko. Hata hivyo umbo lake lilitoka mbali.

Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na wahamiaji wa Kireno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwa mkataba katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Wahamiaji hao walikuja na ujuzi wa ala ya kwao iitwayo machete. Haikupita wiki nyingi kabla gazeti la huko halijaandika habari za watu wa Madeira waliokuwa wakipiga muziki mitaani nyakati za usiku. Mafundi wale watatu, mkataba wao ulipokwisha, walifungua karakana, wakaanza kutumia mti wa koa, na umbo la ala likabadilika kidogo kidogo. Mfalme Kalakaua akaipenda na kuiingiza katika sherehe za kasri pamoja na ngoma ya hula. Mwaka 1915, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, Wamarekani wengi waliisikia kwa mara ya kwanza, na kuanzia hapo ikaenea duniani.

Kwa ala hii, basi, umbo ni la Madeira, jina ni la Kihawaii na kazi ni ya kasri na ngoma za Hawaii. Hakuna mtu mwenye busara anayesema kwamba kwa kuwa umbo lilitoka Ureno, ukulele si ya Wahawaii. Wao ndio walioipa mahali pa kukaa.

Jina lenyewe lina funzo kwa wanaisimu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba uku ni kiroboto na lele ni kuruka, hivyo ukulele ni kiroboto arukaye, kwa jinsi vidole vya mpigaji vinavyorukaruka juu ya nyuzi. Malkia Liliuokalani, ambaye utawala wake ulipinduliwa mwaka 1893, alipendelea maelezo mengine: kwake uku ni zawadi, na lele ni kuja, basi ukulele ni zawadi iliyokuja. Maneno ni yale yale, uchanganuzi ni ule ule wa kukata neno sehemu mbili, lakini hadithi mbili tofauti zimezaliwa. Ikiwa ala iliyofika juzi, tena mbele ya waandishi wa magazeti, ina jina lenye maelezo mawili yanayoshindana, tahadhari inayohitajika kwa ala ya karne nyingi ni kubwa zaidi.

3. Nanga ni ala ya aina gani

Nanga na ukulele si ndugu kwa umbo. Ukulele, kama gitaa, udi na gambusi, ina shingo, na mpigaji hubana nyuzi juu ya shingo hiyo ili kupata sauti mbalimbali. Nanga haina shingo. Nyuzi zake zimelala sambamba na ubao kutoka ncha moja hadi nyingine, na kila uzi hutoa sauti yake moja tu. Kwa sababu hiyo nanga haipaswi kuitwa gitaa la kienyeji, kama isemwavyo mara kwa mara. Haipaswi pia kuitwa kinubi, kwa kuwa nyuzi za kinubi huinuka kutoka kwenye kibweta cha sauti kuelekea shingo iliyopinda. Wala si jamaa ya nyatiti ya Wajaluo au litungu la Wakuria, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, ambazo zina mikono miwili na mti wa kukingama unaoshikilia nyuzi.

Katika mpango wa Hornbostel na Sachs wa mwaka 1914, ambao hadi leo hutumika kuainisha ala za muziki, nanga huwekwa katika kundi la ala za nyuzi zilizotandazwa juu ya mti uliochimbwa. Kipande kimoja cha mti huchongwa kikawa na uwazi wa kina kifupi. Katika kila ncha hukatwa meno. Kisha uzi mmoja mrefu, ambao kwa desturi hutokana na kano za ng'ombe, hupitishwa huku na huko katika meno hayo hadi ukawa safu ya nyuzi saba au nane. Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo: kinachoonekana kuwa nyuzi nyingi kwa kweli ni uzi mmoja. Mpigaji huketi, huiegemeza ala mwilini au huipakata, na huzichokoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili.

Ala za umbo hili hazikuenea Afrika yote. Zimejikusanya katika eneo la Maziwa Makuu: Buhaya na Karagwe, Ankole na Kigezi nchini Uganda, Rwanda, Burundi, na Kivu katika Kongo ya mashariki. Wanyarwanda na Warundi huiita inanga. Huko Burundi iko hata namna ya kuimba kwa kunong'ona, ambapo sauti ya mwimbaji hushushwa hadi ikakaribia kuzama ndani ya mvumo wa nyuzi. Umbo, basi, ni mali ya pamoja ya eneo zima, na mipaka ya mataifa ya leo haikuwapo lilipoenea.

4. Shahidi wa Karagwe

Ushahidi wa maandishi wa mapema unaotajwa sana unatoka Karagwe, magharibi ya Bukoba na Muleba. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika kasri la Mfalme Rumanika. Mwezi Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya kwenda Buganda. Grant, aliyekuwa na jeraha baya mguuni, alibaki Karagwe hadi mwezi Aprili. Kukaa huko kwa kulazimika kulimpa nafasi ya kusikiliza. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1864 anaitaja nanga kwa jina hilo hilo, anaieleza kuwa ni ya mti mzito mweusi wenye umbo la sinia, yenye uzi uliopitishwa mara saba au nane. Anataja pia nanga iliyopigwa na bibi kizee, ambayo sauti zake karibu zote zilikuwa sawasawa, na wimbo uliomsifu mbwa.

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, jina na umbo vilikuwa vimekwisha kushikamana katika nchi hiyo kabla ya utawala wa kikoloni. Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 tu. Pili, nanga haikuwa ya wanaume peke yao. Maelezo ya baadaye, yaliyojikita katika tendi za mashujaa, yamemtanguliza mghani mwanamume, lakini shahidi huyu wa mapema amemwona mwanamke, na katika Ankole pia wanawake wanajulikana kuipiga. Tatu, si kila wimbo wa nanga ulikuwa wa vita na wafalme. Mbwa mzuri naye alistahili sifa.

Hata hivyo, tarehe ya karatasi si tarehe ya ala. Kilichoandikwa mwaka 1864 ni siku ambayo mgeni aliiona nanga. Ili kurudi nyuma zaidi ya hapo, lazima kuyahoji maneno.

5. Ushahidi wa maneno

Kwanza yafaa kuziondoa nanga za baharini. Neno la Kiswahili nanga, kwa maana ya chuma cha chombo, limetokana na Kiajemi langar. Sauti /l/ ya mwanzo imefanana na nazali inayofuata ikawa /n/, na /r/ ya mwisho ikadondoka kwa kuwa Kiswahili hupenda silabi wazi. Ni neno la mabaharia lililokuja na biashara ya Bahari ya Hindi. Kufanana kwake na nanga ya Buhaya ni sadfa, na ni onyo zuri kwa mwanafunzi: maneno mawili yanaweza kulingana kwa sauti zote bila kuwa na udugu wowote.

Sasa nanga ya muziki. Kwa Kihaya jina kamili ni enanga, ambapo e- ni irabu tangulizi ambayo Kiswahili hakina. Ng'ambo ya kaskazini, kwa Waganda, liko neno ennanga. Lakini ennanga ya Waganda si sinia la nyuzi. Ni kinubi cha nyuzi nane chenye shingo ya upinde, kilichopigwa katika kasri la Kabaka. Baadaye neno hilo hilo likatumiwa kwa kinanda cha kanisani. Umbo limebadilika, jina limebaki.

Mpigaji wa ennanga katika kasri aliitwa omulanga. Hapa ndipo mwanaisimu husimama. Ikiwa mtu ni omu-langa, shina ni -langa, lenye /l/. Basi /n/ ya ennanga imetoka wapi? Jibu limo katika kanuni inayojulikana kwa jina la Meinhof, ambayo pia huitwa kanuni ya Kiganda. Katika Kiganda, nazali ya kiambishi ngeli inapokutana na /l/, na silabi inayofuata ina nazali, /l/ hiyo hugeuka kuwa nazali. Ndiyo maana umoja ni olulimi lakini wingi ni ennimi, ambapo Kiswahili husema ulimi na ndimi. Kwa kanuni hiyo hiyo, n- pamoja na -langa huzaa nnanga.

Shahidi wa pili wa shina -langa yuko mbali, upande wa magharibi. Wabashi wa Kivu wana ala ya umbo lile lile la nanga, na wao huiita lulanga. Kiambishi lu- hakina nazali ya kuigusa /l/, hivyo /l/ imebaki salama. Omulanga wa Buganda na lulanga ya Wabashi wanaelekeza mahali pamoja.

Sasa linakuja fumbo. Kinyarwanda na Kinyankore havifuati kanuni ya Meinhof katika maneno ya aina hii. Kinyarwanda husema ururimi na indimi. Kinyankore, jirani na ndugu wa Kihaya, husema orurimi na endimi. Huko nazali na kitambaza huzaa /nd/, kama katika Kiswahili. Kama jina la ala lingeundwa ndani ya lugha hizo kwa shina -langa na kanuni zao za kawaida, lingetarajiwa kuwa indanga na endanga. Lakini hakuna asemaye hivyo. Wote husema nanga.

Maelezo mawili yanawezekana. La kwanza ni kwamba jina lilikopwa likiwa limekwisha kuundwa, kutoka katika lugha yenye kanuni ya Meinhof, likapokewa pamoja na nazali yake kama mtu apokeavyo nguo iliyokwisha kushonwa. La pili ni kwamba zamani kanuni hiyo ilienea zaidi ya ilivyo leo, na nanga ni mabaki yake, kama gofu linaloonyesha mahali palipokuwa na mji. Yupo atakayeleta la tatu: kwamba shina la kale ni -nanga, na kwamba /l/ ya omulanga imezuliwa baadaye kwa kulinganisha na maneno mengine. Hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama /l/ ingepatikana Buganda tu. Kuwapo kwa lulanga huko Kivu, mbali na kasri la Kabaka, kunaidhoofisha.

Uamuzi wa mwisho unahitaji takwimu za msamiati wa lahaja kwa lahaja. Lakini jambo moja limekwisha kudhihirika: jina na umbo vilisafiri kwa njia tofauti. Buganda jina limekaa juu ya kinubi. Buhaya, Ankole na Rwanda limekaa juu ya sinia la nyuzi. Anayesema kwamba nanga ilitoka Buganda kwa sababu jina lina sura ya Kiganda anafanya kosa lile lile la kusema kwamba kigitaa cha Honolulu kilizaliwa Hawaii kwa sababu jina lake ni la Kihawaii.

Jambo hili si geni katika Kiswahili. Kinanda kilikuwa ala ya nyuzi iliyopigwa katika ngoma na maghani ya pwani. Kikaja kuwa ala ya kanisani yenye vibao vya kubonyeza, kisha kinanda cha santuri. Marimba ni mbao zinazogongwa kwa watu wa pwani, na ni vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba kwa Wagogo. Gambusi ya Zanzibar na Lamu ina jamaa zake kwa jina katika Yemen, Komoro, Bukini na hata visiwa vya Indonesia. Majina ya ala ni wasafiri, na kila bandari huwavika kanzu nyingine.

6. Kazi ya nanga: utendi

Imebaki asili ya tatu, ya kazi, na hapa Buhaya ina dai ambalo haligombaniwi kwa urahisi. Katika himaya za Wahaya, kama vile Kiziba, Kyamutwara, Kianja na Ihangiro, nanga ilikuwa kiti cha utendi. Mghani husimulia kwa kughani na kuimba kwa zamu, nyuzi zikishikilia mapigo, na wasikilizaji huitikia. Rukiza, Kaitaba, Kachwenyanja na Mugasha ni miongoni mwa tendi zinazojulikana. Jina la Kaitaba leo limebebwa pia na uwanja wa mpira wa Bukoba, na vijana hulitaja kila timu ya Kagera Sugar ichezapo nyumbani. Mugasha ni mwenye ziwa katika imani za jadi, anayelingana na Mukasa wa Buganda.

Tendi hizi zina nafasi katika historia ya taaluma. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake mashuhuri juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwapo kwa utendi kama utanzu wa kawaida wa bara hili. Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979. Kutoka Dar es Salaam, Mugyabuso Mulokozi aliuliza mwaka 1983 kama waghani wa nanga ni watunzi wa tendi, akaendeleza jibu katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, na akalipanua katika kitabu cha mwaka 2002. Hoja za shaka zilipimwa kwa ushahidi wa waghani wa Kagera, na zikaonekana nyepesi. Peter Seitel naye, katika kitabu chake cha mwaka 1999, aliuchunguza ushairi huu kwa undani. Kwa maneno mengine, sinia la nyuzi saba lilisaidia kusahihisha kauli iliyokuwa imetolewa juu ya bara zima.

Kuna jambo moja ambalo huwaponyoka wanaosoma tendi hizi katika tafsiri. Kihaya ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, na tafiti za toni za Kihaya zilizofanywa na Ernest Byarushengo na Larry Hyman miaka ya 1970 na 1980 zimeonyesha ulivyo mfumo tata. Mghani, kwa hiyo, hushughulika na melodia mbili kwa pamoja, ile ya lugha na ile ya nyuzi. Kiswahili sanifu hakina toni za kileksika. Utendi wa nanga ukiandikwa kwa Kiswahili huhifadhi kisa, majina na sitiari. Melodia ya lugha hubaki Buhaya. Kwa sababu hiyo tafsiri, hata iwe nzuri kiasi gani, haitoshi kuwa hifadhi.

7. Mnyororo uliolegea

Kazi ya ala huhitaji mfadhili, mwanafunzi na msikilizaji. Katika Kagera vyote vitatu vilitikiswa ndani ya kizazi kimoja. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu, na kasri zilizowalisha waghani zikakosa uwezo. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini ya Mto Kagera, na vita vilivyofuata vikavuruga maisha ya mkoa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Maradhi hayo yaliwachukua hasa watu wa makamo, yakaacha wazee na yatima. Sanaa inayofundishwa na mtu mzima kwa kijana, ana kwa ana, haiwezi kuuvuka msiba wa namna hiyo bila kupoteza kitu.

Haina maana kwamba Kihaya kimenyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyimbo za Saida Karoli zilivuma nchini kote, na watu wasiojua hata salamu ya Kihaya waliziimba harusini. Mafanikio hayo yanathibitisha kwamba lugha ya mkoa inaweza kupendwa na taifa. Hayatoi jibu, hata hivyo, kwa utendi unaodai saa nzima ya usikivu na wasikilizaji wanaojua kuitikia.

Kumbukumbu za sauti zipo. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wahaya katika miaka ya 1950, Radio Tanzania ilirekodi waghani baada ya uhuru, na sauti ya mghani kama Habibu Selemani imewafikia watafiti wa mbali. Kinachosikika katika kanda ni wimbo. Kisichosikika ni jina la kila uzi, jina la meno ya ubao, jina la mti unaofaa na wa mti usiofaa, kitenzi cha kukaza uzi na kitenzi cha kuulegeza, na neno la kumkosoa mwanafunzi aliyekosea. Msamiati huo haumo katika utendi. Umo katika kufundisha, na kufundisha kukikoma hutoweka kwanza, huku mbao zikiwa bado zimetundikwa ukutani.

8. Hitimisho

Swali la asili ya nanga, basi, lina majibu matatu. Umbo ni la Maziwa Makuu kwa pamoja. Jina lina shina ambalo dalili zake zinaonekana kutoka Buganda hadi Kivu, na sura yake ya sasa inaonyesha kwamba limepita katika lugha zaidi ya moja. Kazi ya kubeba utendi imepata ukomavu wa pekee kwa Wahaya. Majibu hayo hayapingani, na hakuna mojawapo linaloipa nchi au kabila lolote haki ya kuwanyang'anya wengine.

Yapo mambo matatu ambayo idara za lugha zinaweza kuyafanya bila kusubiri fedha nyingi. La kwanza ni kukusanya msamiati wa ufundi wa nanga katika Bukoba na Muleba, na kuulinganisha na ule wa Ankole, Rwanda na Kivu. Kwa kazi hiyo mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti, daftari na adabu ya kuwasikiliza wazee, mabibi kwa mababu, anatosha kuanza. La pili ni kwa watafsiri na watunga kamusi: nanga iitwe nanga. Kuiita zeze, gitaa au kinubi ni kuipa jina la jirani wakati jina lake lipo. Kiswahili kimeishi na maneno yanayofanana kwa sauti tangu zamani. Paa la nyumba halijamzuia mtu kumjua paa wa porini. La tatu ni kuzirudisha nakala za kanda katika shule za Kagera, ili mtoto anayeshangilia katika uwanja wa Kaitaba apate kumsikia Kaitaba wa nyuzi.

Ukulele ilibahatika kufika mbele ya wenye kalamu. Nanga ilibahatika kwa namna nyingine: maelezo yake yamehifadhiwa ndani ya lugha zinazosemwa hata leo. Hati ya gazeti la Honolulu inaweza kusubiri miaka mia moja kabla ya kusomwa tena, nayo isiharibike. Maneno ya fundi wa nanga wa Muleba hayawezi kusubiri hivyo.